Nyumba ipo Lamadi, bima imebaki Uingereza

Basi la Mwanza kwenda Musoma likishapita Nyashimo, abiria wa Lamadi huanza kukusanya mizigo. Upande wa kushoto maji ya Ziwa Victoria yanaonekana na kupotea nyuma ya miti na mashamba. Hii ni Ghuba ya Speke, iliyobeba jina la Mwingereza John Hanning Speke aliyefika kusini mwa ziwa mwaka 1858. Upande wa kulia ndiko Bariadi, nchi ya pamba na ng'ombe. Na mbele kilomita chache lipo lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inanyoosha mkono wake wa magharibi hadi karibu na ziwa.

Basi linasimama njia panda. Hapo ndipo Lamadi ilipozaliwa na ndipo inapopata riziki yake. Anayekwenda Musoma au Sirari ananyooka, anayekwenda Bariadi anakata kulia na kufuata lami ya kilomita 71.8. Wauza karanga na mahindi ya kuchoma wanakimbilia madirishani, bodaboda wanaitana, na mwenye kuamka mapema husalimiwa kwa Kisukuma, mwangaluka. Ikipita saa saba mchana salamu inakuwa mwadila. Mgeni anayejibu vizuri hupunguziwa nauli ya bodaboda, au angalau huambiwa kwamba amepunguziwa.

Ukiacha barabara kuu na kuingia ndani kuelekea ziwani, utaona kitu kinachoonekana pia Magu, Bunda na miji mingine midogo ya Kanda ya Ziwa: nyumba kubwa za mabati ya rangi ambazo hazijakaliwa. Madirisha yana nondo, milango ya mbele ni ya mninga, na uani kuna rundo la mchanga lililoota nyasi. Nyingine ni za wafanyabiashara wa Mwanza, nyingine ni za watumishi wanaosubiri kustaafu. Na baadhi ni za watoto wa Lamadi walioondoka miaka thelathini iliyopita, wakaishi Uingereza, Marekani au Canada, na sasa wanataka kurudi kabla ya uzee kuwakuta ugenini.

Habari hii inawahusu hao wa mwisho, na zaidi inawahusu ndugu zao waliobaki. Mwenye nyumba anapopiga hesabu za kurudi huanza na nyumba yenyewe, kisha kisima au bomba, kisha umeme, kisha gari. Kibali cha kuishi nchini hukumbukwa akiwa amekwishauza vyombo. Bima ya afya hukumbukwa siku ya kwanza ya kuugua.

Kaka anarudi nyumbani

Tuchukue mfano. Si wa mtu mmoja. Umeshonwa kutokana na mambo yanayozikuta familia nyingi. Kijana wa Lamadi aliondoka miaka ya 1990 kwenda kusoma, akabaki Uingereza, akafanya kazi, akaoa, akachukua uraia wa huko. Sasa ana miaka 56. Mgongo unamuuma, kazi ya zamu imemchosha, watoto wamekua. Sheria ya huko inaruhusu kuanza kuchota pensheni ya kazini au ya binafsi kuanzia miaka 55, umri utakaopanda hadi 57 mwaka 2028. Anaangalia akiba yake, anaigeuza kuwa shilingi za Tanzania, anaona inatosha. Anaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Narudi nyumbani mwakani, jumla."

Majibu yanamiminika. Karibu kaka. Karibu baba. Mama mdogo anatuma sauti ya vigelegele. Mjomba anauliza kama ataleta trekta. Dada yake, mwalimu mstaafu anayeishi Bariadi, ndiye peke yake anayeuliza swali la maana, kwa unyenyekevu wa mdogo kwa mkubwa: "Shikamoo kaka. Na dawa zako za presha utakuwa unazipata wapi?" Swali linamezwa na picha za maua.

Presha ya kaka si jambo geni. Mtu wa miaka 56 ana uwezekano mkubwa wa kuwa na shinikizo la damu, kisukari au vyote viwili, na akiwa ameishi mahali penye daktari wa familia, amekwishajua. Uingereza dawa hizo hupatikana kupitia NHS, mfumo wa huduma za afya wa serikali. Wengi waliokaa huko hudhani NHS ni haki inayofuata pasipoti. Sivyo. Haki ya matibabu ya bure hospitalini inafuata makazi. Anayehama moja kwa moja huachana nayo hata kama pasipoti yake ni ya Uingereza na hata kama alikatwa michango kwa miaka 30. Daktari wake anaweza kumfungashia dawa za miezi kadhaa, basi.

Wapo wanaosema, nikiugua sana nitapanda ndege nirudi. Kweli, raia wa Uingereza akirudi kuishi huko moja kwa moja hupata tena haki hiyo. Lakini mpango huo unafaa kwa magonjwa yenye subira. Kiharusi hakina subira. Mshtuko wa moyo hauna subira. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja hawezi kutoka Lamadi hadi Mwanza, Mwanza hadi Dar es Salaam, na Dar es Salaam hadi London kama abiria wa kawaida. Mashirika ya ndege hukataa kumbeba mtu ambaye daktari hajathibitisha kuwa anaweza kusafiri. Na kwa asiyechukua uraia, aliyebaki na ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo tu, ruhusa hiyo hukoma akikaa nje ya nchi zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Waliotoka Marekani hali yao inafanana kwa sura nyingine. Medicare, bima ya serikali ya wazee, huanza miaka 65, na kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Aliyestaafu na miaka 58 ameiacha bima ya mwajiri, hajafikia Medicare, na akiifikia haitamfuata Busega. Canada bima ni ya majimbo na inataka mtu awepo. Ontario, kwa mfano, humtaka mwanachama awe ndani ya jimbo angalau siku 153 katika kila miezi 12. Huwezi kuvua sato Lamadi mwaka mzima ukabaki kwenye orodha ya Ontario.

Hapa ndipo kustaafu mapema kunapouma. Anayestaafu katika umri wa kawaida anakuwa na pensheni ya serikali ya kusaidia kulipia bima. Uingereza pensheni hiyo huanza miaka 66, na umri huo unapandishwa hadi 67. Kaka wa miaka 56 ana zaidi ya miaka kumi ya kuisubiri, na ikija itabaki palepale ilipoanzia, kwa sababu Tanzania haimo katika nchi ambazo Uingereza huwapandishia wastaafu wake malipo kila mwaka. Wakati huohuo bei ya bima binafsi hupanda kila siku ya kuzaliwa inapofika. Fedha imesimama, ada inatembea.

Mtoto wa nyumbani mwenye kibali

Kuna jambo linalowakera wengi wakilisikia mara ya kwanza, nalo ni la haki kukera. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa kwake. Kaka aliyezaliwa Lamadi, ambaye kitovu chake kimezikwa chini ya mwembe wa bibi yake, akishuka uwanja wa ndege na pasipoti ya Uingereza anapanga foleni ya wageni. Ili aishi anahitaji kibali cha ukaazi. Idara ya Uhamiaji ina madaraja matatu: A kwa wanaofanya biashara au uwekezaji wao, B kwa walioajiriwa, na C ambalo hukusanya makundi mengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti, wamisionari na wastaafu.

Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje wapewe hadhi maalum. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari njema, hasa kwa sababu ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, ndiyo maana nyumba nyingi za mabati ya rangi zimeandikwa jina la dada, mdogo wa mwisho au mama. Familia nyingi zimeishi vizuri hivyo. Nyingine zimefika barazani.

Lakini kibali na hadhi ni ruhusa ya kukaa tu. Havilipi kitanda cha hospitali. Watu huchanganya mambo haya mawili kwa sababu katika nchi nyingine yamefungwa pamoja. Hispania, anayeomba viza ya kuishi bila kufanya kazi, ile ambayo wastaafu wa mapema wa Ulaya na Marekani huipenda, haipati bila kuonyesha bima kamili ya afya. Kenya, ambako barabara hii ya Lamadi inafika baada ya Bunda, Tarime na Sirari, ina kibali cha daraja K kwa mwenye umri wa kuanzia miaka 35 na kipato cha uhakika kisichopungua Dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Hicho kinauliza mfuko. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inamtaka mgeni anunue bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa Dola 44, inayodumu siku 92. Hiyo ni bima ya msafiri. Kuna wanaoishika wakaamini wamekwishapata bima ya Tanzania, kumbe imekwisha tangu msimu wa vuli.

Kadi ya dada

Turudi kwa dada wa Bariadi, kwa sababu hadithi yake ndiyo iliyo karibu na wasomaji wengi wa ukurasa huu.

Yeye ni mwalimu. Sheria ya utumishi inamruhusu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na inamlazimisha akifika 60. Alichagua 55. Alikuwa amekatwa asilimia tatu ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, na mwajiri akaongeza asilimia tatu nyingine. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, kwa hiyo kizazi cha dada ndicho cha kwanza kukatwa karibu maisha yote ya kazi. Malipo yake ni kadi ya mstaafu: yeye na mumewe wanaendelea kutibiwa bila kuchangia tena.

Wanaoshtuka ni wazazi wenye mtoto wa mwisho. Kadi ya mtumishi aliye kazini hubeba mwenza na wategemezi hadi wanne. Kadi ya mstaafu hubeba mstaafu na mwenza, watoto wanatoka. Mwenye kustaafu na miaka 60 watoto wake wengi wamekwishapata kazi. Mwenye kustaafu na 55 anaweza kuwa na binti kidato cha tatu. Dada alimkatia mwanawe wa chuo bima ya wanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh50,400 kwa mwaka, na akaona ahueni. Wa sekondari ndiye aliyemsumbua, akahangaika na vifurushi. Kabla ya kuandika barua ya kustaafu mapema, mzazi ahesabu miaka ya mtoto wa mwisho kama anavyohesabu miaka yake ya utumishi.

Hata hivyo dada ana kadi. Akiumwa usiku anaenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bariadi, anaandikiwa rufaa ya Bugando kama inahitajika, na kadi inasafiri naye. Kaka, mwenye akiba mara kumi ya yake, hana. Ndugu wa Lamadi wanaona ajabu: aliyekwenda mbali ndiye asiyekuwa na kitu mfukoni cha kuonyesha dirishani.

Na kadi nyingine iliyo nyumbani Lamadi haimsaidii. Kaya nyingi za vijijini zilijiunga na CHF iliyoboreshwa, kwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kadi hiyo ina majina na picha. Kaya ya mdogo wake wa kiume ina baba, mama na watoto wanne, imejaa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na lengo lake ni kuwaingiza wote katika mfumo mmoja. Kwa mwenye pasipoti ya nje la kufanya ni moja: aende ofisi ya NHIF ya mkoa, akiwa na nakala ya kibali chake, aulize kwa maandishi anaingia katika mpango gani, lini, na kwa ada ipi. Majibu ya kirafiki kwenye simu hayafai dirishani.

Umbali wa Lamadi

Kwa nini yote haya yaandikwe kuhusu Lamadi, mji mdogo ambao ramani nyingi huuandika kwa herufi ndogo? Kwa sababu ya umbali. Anayestaafu Dar es Salaam anaweza kubahatisha, hospitali kubwa ipo mtaa wa pili. Lamadi hubahatishi.

Kwa homa, kidonda na ujauzito usio na matatizo, huduma zipo karibu. Wilayani Busega kuna Hospitali ya Mkula, ya kanisa, iliyohudumia watu wa upande huu tangu kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Bariadi iko mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari dogo. Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Mwanza, saa mbili na ushee ukikuta barabara nyeupe, zaidi ya hapo siku za gulio la Magu. Hapo ndipo penye madaktari bingwa, kusafisha damu na matibabu ya saratani. Upasuaji mkubwa wa moyo unampeleka mtu Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Gari la kukodi usiku kutoka Lamadi hadi Mwanza hulipwa kwa fedha taslimu kabla injini haijawashwa, na dereva hana haja ya kuona namba ya bima ya London.

Halafu kuna magonjwa yenyewe ya mahali. Mtu aliyekulia Lamadi alijijengea kinga ya kiasi dhidi ya malaria kwa kuumwa mara kwa mara utotoni. Kinga hiyo hufifia akikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria. Kaka anarudi akijiona mwenyeji, analala bila chandarua kama zamani, na mbu anamkuta mgeni kabisa. Malaria kali kwa mtu wa miaka 56 mwenye kisukari si homa ya kunywa mseto na kulala. Watoto wa kaka, na hasa wajukuu wanaokuja likizo ya Agosti, hawakuwahi kuwa na kinga hata ya kufifia. Hao wanahitaji dawa za kinga kabla ya kupanda ndege, wazazi wao wamuone daktari wiki kadhaa kabla.

Ziwa nalo. Jioni maji ya ghuba yanakuwa kama kioo, mitumbwi inatoka kwenda kuvua dagaa, na hakuna mtoto wa ugenini asiyetaka kuingia. Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho, minyoo inayopenya ngozi ya mtu akiwa majini na kuharibu ini na utumbo taratibu kwa miaka. Dawa yake, praziquantel, ipo na ni ya bei ndogo. Tatizo ni kwamba aliyerudi Ulaya akiwa nao huweza kuzungushwa kwa vipimo vingi kabla daktari hajamuuliza kama alioga ziwani. Kuna pia viboko na mamba, lakini hao wenyeji wamezoea kuwataja wenyewe, kwa sauti ya juu, mgeni akikaribia matete.

Kinachonunuliwa na kinachoachwa

Bima binafsi zipo. Kampuni za ndani huuza, na zipo za kimataifa zinazowalenga wanaoishi nje ya nchi zao. Lakini mtu anunue akiwa amevaa miwani. Nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga, hata kama mwanachama wa zamani huruhusiwa kuendelea, kwa hiyo anayesubiri mpaka augue au mpaka azeeke zaidi hukuta mlango umefungwa. Nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwepo kabla, au hulipa baada ya miezi ya kusubiri. Presha ya kaka imo kwenye kumbukumbu za daktari wake, na akiificha kwenye fomu kampuni ina haki ya kukataa madai siku ya kiharusi. Bora alipe zaidi kwa ukweli.

Swali la pili ni namna ya kulipa. Zipo bima ambazo hospitali huwasiliana nazo moja kwa moja, na zipo ambazo mgonjwa hulipa kwanza kisha hurudishiwa akituma risiti. Kwa Lamadi ya pili ina maana moja: ndugu watoe fedha. Kabla ya kusaini, kaka aombe orodha ya hospitali za Kanda ya Ziwa zinazopokea kadi hiyo, kisha dada aende mwenyewe dirishani aulize kama ni kweli. Orodha zilizochapwa huzeeka.

Swali la tatu ni usafiri wa dharura. Kuna bima za kimataifa zinazolipia ndege ya wagonjwa hadi Nairobi au Dar es Salaam, na AMREF Flying Doctors wenye makao Nairobi wamekuwa wakirusha ndege hizo Afrika Mashariki tangu 1957. Kwa mtu anayeishi ukingoni mwa Serengeti hiyo haipaswi kuhesabiwa kama anasa. Ila bima ya ndege pekee, bila ya kitanda, humfikisha mtu kwenye mlango wa hospitali na kumuacha hapo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Kizungu, kwamba Wasukuma waliishi bila kadi. Waliishi na ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mahari, ada na bima. Mtu akilazwa, ndama anauzwa gulioni, akizidiwa anauzwa dume, na ukoo unachangia. Mfumo huo bado upo, umehamia kwenye simu: kundi la WhatsApp hubadilishwa jina kuwa "Matibabu ya" fulani, mweka hazina anateuliwa, orodha ya waliochangia inabandikwa kila jioni. Unaokoa watu, na hakuna mwenye haki ya kuucheka.

Lakini una mpangilio wake. Ukoo humchangia haraka mjane, mtoto, mvuvi aliyepinduka na mtumbwi. Kwa aliyetoka Ulaya na kujenga nyumba yenye vyoo vitatu mkono unakuwa mzito. Watu hawaamini kwamba hana. Si roho mbaya, kwa miaka 30 yeye ndiye aliyekuwa akitumiwa orodha hizo. Akilazwa Bugando mwezi mzima, anayeuza ng'ombe ni mdogo wake, yule mwenye kaya ya watu sita, na ng'ombe hao ndio walikuwa ada ya shule ya Januari. Kwa hiyo bima ya kaka ni jambo la watoto wa mdogo wake pia.

Adabu huwazuia kuuliza. Huwezi kumuuliza mkubwa aliyekusomesha kama amejiandaa kuugua. Inasikika kama kumtakia mabaya. Katika familia nyingi anayeweza kuuliza ni dada, shangazi au shemeji, na mahali pazuri si kwenye kundi lenye watu arobaini. Ampigie peke yake, kaka akiwa bado ana kazi, bado ana daktari, bado anaweza kuahirisha mwaka mmoja ili bima mpya ianze kabla ya ya zamani kukatika.

Naye kaka akija na begi la dawa, barua ya daktari yenye majina ya dawa kwa majina yake ya kitaalamu, majibu ya vipimo vya mwisho na kundi lake la damu, iandikwe karatasi moja kwa Kiswahili. Juu iwe namba ya kadi na simu ya kampuni ya bima inayopokelewa usiku. Chini yake hospitali tatu kwa mpangilio, ya karibu, ya mkoa na ya kanda. Kisha dawa anazotumia na zinazomdhuru. Kisha jina la ndugu mwenye ruhusa ya kusaini. Mstari wa mwisho uwe namba ya dereva wa Lamadi ambaye hupokea simu saa nane za usiku, na karatasi ibandikwe sebuleni, pembeni ya kalenda, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuisoma.